Nyumba ya Vioo: Kuwatembeza Watoto Katika Bustani ya Mimea ya Ndani

Miji mingi ya nchi za baridi ina bustani za mimea zilizojengwa chini ya paa na kuta za vioo. Nje theluji yaweza kuwa inaanguka, na ndani mgomba ukawa umetoa mkungu. Familia za wazazi waliotoka Afrika Mashariki na sasa wanaishi katika miji hiyo huwapeleka watoto wao humo, hasa majira ya baridi ambapo viwanja vya michezo havikaliki. Lakini mara nyingi ziara huwa ni mwendo wa haraka tu: mlango wa kuingilia, picha mbili tatu, kijia hiki na kile, kisha mlango wa kutokea. Mtoto hurudi nyumbani akikumbuka joto na miguu iliyochoka.

Iko njia bora zaidi, nayo haimlazimu mzazi awe mtaalamu wa mimea. Yamtaka ajue jambo moja: umbo la kila mmea ni maelezo ya mahali ulikotoka. Jani, mwiba, shina na ua, kila kimoja kimeumbika kulingana na mvua, jua na wadudu wa kwao. Mtoto anayejifunza kuyasoma maelezo hayo hupata furaha ya mpelelezi. Hatimaye hujifunza pia jambo zito zaidi, kwamba mmea huweza kubaki hai ilhali kwao kumekwisha kutoweka.

NYUMBA ZENYEWE

Mfano unaofaa ni Bustani za Kifalme za Mimea za Kew, jijini London. Humo mna nyumba kadhaa za vioo zinazotofautiana kwa umri na kwa kazi. Ile iitwayo Palm House ilijengwa kati ya mwaka 1844 na 1848 kwa chuma na vioo. Urefu wake ni mita 110 hivi, na kimo chake hukaribia mita 20, ili minazi na jamaa zake wapate nafasi ya kurefuka. Temperate House, iliyofunguliwa mwaka 1863, ni kubwa zaidi, na hutunza mimea ya nchi zisizo na joto kali wala baridi kali. Princess of Wales Conservatory, iliyofunguliwa mwaka 1987, imegawanywa katika sehemu kumi zenye hali ya hewa mbalimbali, na kompyuta ndiyo inayoongoza joto na unyevu wa kila sehemu. Humo, kwa hatua chache tu, mtoto hutoka jangwani akaingia msituni.

SOMO LA KWANZA LIKO MLANGONI

Avaaye miwani akifungua mlango wa sehemu ya msitu siku ya baridi, miwani yake hufunga ukungu papo hapo asione kitu. Wengi huifuta kwa kukereka na kuendelea na safari. Yafaa wasimame, kwani hilo ndilo somo la kwanza. Hewa ya ndani ni ya joto na imebeba mvuke mwingi. Kioo cha miwani kimetoka nje, nacho ni baridi. Hewa inayokigusa hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Ziada hugeuka vitone vidogo vya maji. Ndivyo umande upatikanavyo alfajiri juu ya nyasi.

Swali la pili ni hili: joto latoka wapi? Siku ya jua mwanga hupenya vioo na kupiga udongo, sakafu na majani. Navyo hupata joto na kuipasha hewa iliyo karibu. Nje, hewa iliyopashwa joto hupanda juu na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi. Ndani ya nyumba ya vioo hewa hiyo haina pa kutokea, basi joto hujikusanya. Vioo vyenyewe navyo huzuia sehemu ya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Majira ya baridi jua la Uingereza ni dhaifu, kwa hiyo joto huongezwa kwa mabomba ya maji moto. Mtoto aliyewahi kukaa juani ndani ya gari lililofungwa anaijua kanuni hii tayari. Kazi ya mzazi ni kumwonyesha kwamba anaijua.

KULISOMA JANI

Katika sehemu ya msitu, mtoto aambiwe atafute majani yenye ncha ndefu iliyochongoka kama mdomo wa birika. Atayaona mengi. Msitu wa mvua hunyeshewa karibu kila siku, na maji yakituama juu ya jani, kuvu na mimea midogo sana huweza kuota juu yake na kulizibia mwanga. Ncha hiyo huyachuruzisha maji, na jani hukauka upesi.

Kisha aende upande wa jangwa. Huko atakuta mipungate. Jani pana hupoteza maji mengi kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo katika mpungate majani yamegeuka miiba, na kazi ya kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga imechukuliwa na shina la kijani. Shina la namna nyingi za mpungate lina mikunjo kama ya mvukuto wa mhunzi. Mvua ikinyesha hunywa maji na kupanuka, na wakati wa ukame hunywea bila kupasuka.

Hapa pana fumbo zuri kwa watoto waliokwisha anza kusoma. Karibu mipungate yote asili yake ni Amerika. Nyika na majangwa ya Afrika yana mimea mingine ya jamii ya mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua wa nyumba katika vijiji vingi vya Tanzania na Kenya. Baadhi ya mimea ya jamii hiyo inafanana na mpungate kiasi kwamba hata watu wazima huikosea. Lakini haina udugu wa karibu. Imepata umbo moja kwa sababu shida yao ilikuwa moja, yaani ukame. Mtoto huweza kuitofautisha kwa macho: miiba ya mpungate huchomoza katika vijifundo vidogo vyenye manyoya laini, na jamii ya mnyaa haina vijifundo hivyo. Tofauti nyingine ni utomvu mweupe kama maziwa unaotoka katika mnyaa ukikatwa. Hiyo si ya kujaribu kamwe, kwa kuwa utomvu huo huchoma ngozi na huweza kudhuru jicho vibaya.

Mtoto anayefumbua fumbo hili amekwisha gusa moja ya hoja kubwa za elimu ya viumbe: mazingira yanayofanana huweza kuleta maumbo yanayofanana katika jamii zisizohusiana.

MIMEA INAYOJULIKANA MEZANI

Mbele ya mgomba, mzazi aliyekulia Bukoba, Rungwe au Kilimanjaro hugeuka mwalimu bila kutarajia. Mtoto wa mjini ameijua ndizi dukani, imebandikwa karatasi. Sasa aweza kuelezwa kwamba mgomba si mti. Lile lionekanalo kuwa shina ni mashina ya majani yaliyokumbatiana, na shina lenyewe limo ardhini. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa na kuyaachia nafasi machipukizi yake. Hii pia ndiyo nafasi ya kumpa mtoto maneno ambayo nyumbani hayapati pa kutumika: mkungu, chane, chipukizi. Mtoto akitajiwa neno mbele ya kitu chenyewe, halimtoki upesi.

Mkakao nao humshangaza, kwani maua na matunda yake huota juu ya shina na matawi makubwa, wala si katika ncha za matawi. Na mvanila una kisa ambacho mtoto yeyote atataka kukisikia mara mbili. Huo ni mmea utambaao wa jamii ya okidi, na asili yake ni Mexico na nchi jirani. Ulipopelekwa mbali na wadudu wa kwao, ulichanua bila kuzaa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12 aliyeitwa Edmond aligundua namna ya kuliinua kwa kijiti lile gamba dogo linalotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha akazikutanisha kwa kidole. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la Albius. Wengine walitajirika kwa ugunduzi wake, lakini yeye alikufa maskini mwaka 1880. Hadi leo wakulima wa Madagaska, Uganda na Kagera huchavusha vanila kwa mkono kwa namna iyo hiyo.

MAYUNGIYUNGI MAWILI

Katika madimbwi ya nyumba za Kew hukuzwa mayungiyungi makubwa ya Amerika ya Kusini, jamii ya Victoria. Huoteshwa kila mwaka kwa mbegu, na hupendeza zaidi majira ya joto. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza aina ya tatu ya jamii hiyo, Victoria boliviana, ambayo jani lake huweza kuzidi upana wa mita 3. Vielelezo vyake vilivyokaushwa vilikuwa vimekaa Kew miaka 177, vikidhaniwa kuwa vya aina nyingine.

Uso wa chini wa jani una mishipa minene iliyopangika kama kenchi za paa. Mwaka 1849 Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, alimsimamisha binti yake mdogo Annie juu ya jani la namna hii, nalo halikuzama. Yeye ndiye aliyesanifu jumba kubwa la vioo la maonyesho ya London ya mwaka 1851, na alisema kwamba jani hilo lilimfundisha. Ua lake nalo ni la ajabu. Jioni ya kwanza hufunguka likiwa jeupe, hutoa joto na harufu tamu, na mbawakawa huingia. Hujifunga nao ndani hadi jioni ya pili, ambapo hufunguka likiwa la rangi ya waridi na kuwaachilia wakiwa wamejaa chavua.

Baada ya jani la mita 3, mtoto aelezwe habari za jani la sentimita 1. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Eberhard Fischer, aligundua yungiyungi dogo kuliko yote duniani kando ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini-magharibi mwa Rwanda. Liliitwa Nymphaea thermarum. Machache yalipelekwa katika bustani ya mimea ya Bonn. Baadaye maji ya chemchemi yalichukuliwa kwa matumizi mengine, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi hilo halikuonekana tena pale.

Huko Kew miche yake iliyooteshwa majini ilikufa moja baada ya nyingine. Mtunza bustani Carlos Magdalena akajiuliza: kwao kukoje? Kwao halikuishi majini kama mayungiyungi mengine, bali katika tope lenye unyevu, ambako majani yake yaliguswa na hewa na kupata hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, kwa wingi kuliko ipatikanavyo majini. Aliipanda miche katika tope lililo sawa na uso wa maji, kwa joto la nyuzi 25 za Sentigredi. Mwaka 2009 yakachanua. Januari 2014 moja liliibwa katika nyumba ya maonyesho. Na mwaka 2023 watafiti walilipata tena likiota nchini Rwanda.

WALIOBAKI PEKE YAO

Si kila mmea umepata bahati hiyo. Mwaka 1895 John Medley Wood aliukuta mmea mmoja wa jamii ya sikadi katika msitu wa Ngoye, Afrika ya Kusini. Mmea huo, uitwao sasa Encephalartos woodii, ulikuwa wa kiume. Wa kike haujapatikana hadi leo. Kew ilipokea chipukizi lake mwaka 1899, na yote yaliyoko katika bustani za dunia ni machipukizi ya mmea ule mmoja. Yanaishi, yanapendeza, na hayawezi kuzaa mbegu. Mbele ya mmea huo watoto hunyamaza, kisha huuliza: je, hauna mwenzake popote? Mzazi asiharakishe kufariji. Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyempata, na watu bado wanatafuta.

Kisa kingine kinaihusu Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka Ulaya mbegu za ua dogo la zambarau la vilima vya Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, aliliita Saintpaulia; wataalamu wa leo huliweka katika jamii ya Streptocarpus. Ua hilo sasa limo madirishani mwa nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani. Lakini asili yake ni misitu ya Tanzania na sehemu za Kenya, ambako aina kadhaa zake huishi katika eneo dogo mno, juu ya miamba yenye kivuli na unyevu. Msitu ukikatwa kivuli huondoka, na ua huondoka nacho. Hivyo ua laweza kuwa la kawaida kabisa dirishani na likawa nadra kabisa kwao.

UTARATIBU WA ZIARA

Mzazi au mwalimu atafanya vyema akizingatia mambo haya:

1. Aulize mapema nyumba zipi zimefunguliwa. Majumba haya hufungwa kwa matengenezo. Temperate House ilifungwa tangu mwaka 2013 hadi 2018.

2. Watoto wavae nguo za kupunguzika, na makoti yaachwe mahali pa kuhifadhia kama papo. Mtoto anayetokwa jasho ndani ya koti hajifunzi kitu.

3. Ziara isizidi saa moja na nusu kwa watoto wadogo. Sehemu mbili zilizotazamwa vizuri zina faida kuliko kumi zilizopitwa.

4. Kila ziara iwe na swali moja. Kwa mfano: majani haya hufanya nini na maji? Au: ni mimea mingapi humu ambayo bibi huipika?

5. Mtoto achukue daftari na penseli. Kuchora jani moja kwa dakika tano humlazimu kuona mishipa, ukingo na ncha. Picha ya simu haimlazimu kuona chochote.

6. Hakuna kuchuma, kuonja wala kugusa pasipo ruhusa. Sababu ni mbili, nazo zielezwe: mimea mingine ina sumu, na mingine imebaki michache duniani.

7. Awe na uzi wa mita 3. Nyumbani autandaze sakafuni, aone ukubwa wa jani la yungiyungi ulivyo sebuleni.

JARIBIO LA NYUMBANI

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliweka kiluwiluwi cha nondo aliyejifunga ndani ya udongo wenye unyevu, katika chupa iliyofunikwa. Akaona mimea midogo ikichipua humo na kuendelea kuishi bila kumwagiliwa. Maji yalipanda kama mvuke, yakashika kuta za chupa, yakatiririka tena udongoni. Kutokana na hayo alitengeneza masanduku ya vioo ya kusafirishia miche baharini, na mwaka 1833 shehena yake ya kwanza ilifika Sydney ikiwa hai.

Watoto huweza kulirudia jaribio hilo kwa chupa pana ya kioo yenye kifuniko. Chini ziwekwe kokoto, juu yake udongo wenye unyevu kidogo, kisha mmea mdogo upendao kivuli. Chupa ifungwe na kuwekwa penye mwanga, lakini si kwenye jua kali. Kila asubuhi mtoto aandike kama kuta zina matone, na kama yameongezeka au yamepungua. Baada ya juma moja au mawili ataeleza mzunguko wa maji kwa maneno yake mwenyewe.

KUTOKA VIOONI HADI KWAO

Waswahili husema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Nyumba ya vioo ni jitihada ya kuushinda usemi huo: kuutengenezea mgomba udongo, joto na mvua mahali ambapo pasipo hayo haungemea. Jitihada hiyo imeokoa mimea, kama kisa cha Rwanda kionyeshavyo. Lakini chumba hakiwi msitu. Hakina mdudu wa kila ua, wala miamba yote, wala mwenza wa kila mmea.

Kwa hiyo familia ikipata nafasi ya kuja nyumbani, ziara iendelezwe. Amani, katika Usambara Mashariki, iko bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Bustani hiyo haikuhitaji paa la vioo, kwani ukungu, kivuli na mvua ni vya mahali penyewe, na misitu ya milima hiyo ndiyo kwao kwa lile ua la madirishani. Mtoto aliyejifunza London kuyatafuta majani yenye ncha ya birika ayatafute na Amani. Kisha aulizwe swali la mwisho: mti huu ukikatwa, ni nini kingine kitakachoondoka pamoja nao?